Kinubi kinakata nyuzi kila wiki hapa Tanga, tatizo liko wapi?

Mdau_Raskazone
Wakuu, habari zenu. Kinubi ni cha nyuzi 34, cha wenzo (kishikizo kidogo juu ya kila uzi, kinachoubana na kupandisha sauti yake nusu hatua), si cha pedali. Juu nailoni, katikati utumbo wa mnyama, besi (nyuzi nene za sauti nzito) waya. Kazi yake ni harusi za hoteli za ufukweni. Nyuzi za utumbo zinakatika, besi zina kutu, tyuni haikai. Na mkataba wa shughuli uwe na nini?

FundiNyuzi
Mkuu, kwanza tazama uzi umekatikia wapi. Ukikatikia kwenye fundo, chini ya ubao wa sauti, ama tundu lina ukingo mkali ama fundo halina kishikizo: tia humo kipande cha uzi mnene, kama sentimita 2. Ukikatikia kwenye kigingi cha kukazia uzi, mizunguko ya uzi imepandana. Miwili au mitatu yatosha. Ukikatikia katikati ya vyote hivyo, pale wenzo unapobana, basi wenzo ndio mkosaji.

Utumbo hunyonya unyevu ukavimba. Ukitoka upepo wa bahari ukaingia ukumbi wa kiyoyozi, hukauka ghafla, na hapo ndipo unapokatika. Kwa pwani yetu nyuzi za katikati ni bora ziwe za nailoni, ila fuata jedwali la unene la mtengenezaji wa kinubi hicho. Uzi mnene kuliko kipimo huuvuta ubao mpaka ukapasuka. Nailoni mpya hulegea wiki nzima au zaidi, itie tyuni mara tatu kwa siku.

Besi: futa kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Usipake mafuta! Yanaingia kwenye mzingo wa waya na sauti inakufa.

BintiMakorora
Kaka, mkataba uandike kivuli, sakafu ngumu iliyo sawa, umeme wa spika, usafiri, na nusu ya malipo kabla. Kivuli usikiachie hata kidogo, jua la saa nane linaachanisha gundi ya shingo. Fika ukumbini muda wa saa moja na nusu kabla ya shughuli: tia tyuni, kiache kizoee hewa nusu saa, tia tena. Nyenzo zote ziwe chini, nyuzi zitiwe tyuni ya ngazi ya E flati meja (flati ni nusu hatua chini). Ukipandisha nyenzo za B, E na A, unapata ngazi ya C meja. Uzi mwekundu ni C, mweusi ni F, hupotei.

Mdau_Raskazone
Ahsanteni sana. Nimetazama: ni uzi uleule wa A kila mara, na unakatikia kwenye wenzo.

FundiNyuzi
Basi si hewa. Tyuni A flati wenzo ukiwa chini, upandishe, soma mashine ya tyuni. Sauti ikizidi A, legeza skrubu ya wenzo, usogeze juu kidogo kuelekea kigingi. Ikipungua, usogeze chini. Kisha pitisha kidole pale unapobana uzi: ukihisi mkwaruzo, lainisha kwa msasa namba 600 kabla hujafunga uzi mpya.