Je, Armenia ibadilishe katiba ili ipate amani na Azerbaijan?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili kwa kina.

Tarehe 8 Agosti 2025, mjini Washington, Waziri Mkuu Nikol Pashinyan wa Armenia na Rais Ilham Aliyev wa Azerbaijan walikutana mbele ya Donald Trump, na mawaziri wao wa mambo ya nje wakaweka saini za awali kwenye mkataba wa amani. Saini za awali tu. Kabla ya saini kamili, Baku, yaani serikali ya Azerbaijan, inataka Armenia ibadilishe katiba yake.

Kisa ni dibaji. Inalitaja Azimio la Uhuru la 23 Agosti 1990, na azimio hilo limesimama juu ya uamuzi wa Desemba 1989 wa kuiunganisha Armenia na Nagorno-Karabakh, eneo ambalo dunia inalitambua kuwa la Azerbaijan ingawa wakazi wake wengi walikuwa Waarmenia. Hofu ya Baku ni kwamba Pashinyan ataondoka, aje mwingine, aifungue katiba na kudai ardhi upya.

Msimamo wangu: Waarmenia wakubali. Nasema hivyo kwa uchungu. Barabara ya Lachin, njia pekee ya kutoka Armenia kwenda Karabakh, ilizibwa kuanzia Desemba 2022, watu wakakosa chakula na dawa. Tarehe 19 Septemba 2023 jeshi la Azerbaijan likashambulia, na kesho yake mapigano yakawa yamekwisha. Ndani ya wiki moja hivi watu zaidi ya 100,000, karibu wakazi wote waliobaki, walikuwa wamekimbilia Armenia, wengine wakilala njiani ndani ya magari kwenye foleni. Walinda amani wa Urusi walikuwepo. Dibaji nayo ilikuwepo. Haikumkinga hata mtoto mmoja. Leo nchi ya watu wapatao milioni 3 inapumua kupitia Georgia na Iran, kwa sababu mpaka wa Azerbaijan umefungwa, na wa Uturuki umefungwa tangu 1993. Maneno ambayo hayalindi mtu, lakini yanampa jirani kisingizio, ya nini kuyashikilia?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, uchungu wako naujua, ila umeanzia katikati. Oktoba 2022, mjini Prague, nchi hizi mbili zilikubali kutambuana mipaka kwa kufuata Azimio la Alma-Ata la 1991, ambamo jamhuri zilizokuwa za Kisovieti zilitambuana mipaka. Mwaka 2024 Armenia ikaachia vijiji vinne vya mpakani karibu na mkoa wake wa Tavush, vilivyokuwa vya Azerbaijan enzi za Kisovieti, na Askofu Mkuu Bagrat Galstanyan akawaongoza watu barabarani kupinga. Kila Armenia inapotoa, linakuja sharti jingine.

Mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Armenia ilieleza kwamba Azimio la 1990 lina nguvu pale tu yaliyomo yameingia kwenye vifungu vya katiba yenyewe. Muungano na Karabakh haumo. Mkataba nao unakataza upande wowote kutumia sheria zake za ndani kukwepa ulichoahidi. Dibaji inamtisha nani hapo?

Na mbona hatuiulizi Baku? Sheria yake ya uhuru ya 1991 inaitangaza nchi hiyo kuwa mrithi wa jamhuri ya 1918, iliyodai baadhi ya maeneo ambayo leo yako ndani ya Armenia. Hiyo hakuna anayedai ifutwe.

Mchangiaji wa pili, Nairobi

Sisi Wakenya tumeyaona haya. Katiba ya Somalia ya 1960 ilisema wazi kwamba nchi hiyo itafanya kazi ya kuyaunganisha maeneo yote ya Wasomali kwa njia za amani. Kaskazini mwetu vita vya Shifta, vya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, vikawaka, vikamalizwa na makubaliano ya Arusha ya 1967, Kaunda akiwa mpatanishi. Kenya haikungoja kifungu kile kifutwe. Nyota ya pembe tano, kila pembe ikiwa eneo moja la Wasomali, iko kwenye bendera ya Somalia hadi leo.

Mleta mada

Mkuu, mfano ni mzuri, lakini uendeleze. Miaka 10 baada ya Arusha, Somalia iliingiza jeshi Ogaden, eneo la Wasomali ndani ya Ethiopia. Dai lililobaki kwenye karatasi lilipata mtu wa kulitumia. Hapo ndipo Baku inaposimama, na siwezi kusema hofu hiyo ni ya uongo.

Mchangiaji wa tatu

Naona wote mnaongea kana kwamba Pashinyan ana kalamu tu ya kufuta mstari. Mabadiliko makubwa ya katiba ya Armenia hupitishwa kwa kura ya maoni, na "ndiyo" inatakiwa ipate zaidi ya nusu ya waliopiga kura na pia isipungue robo ya wapiga kura wote walioandikishwa. Robo hiyo ni zaidi ya watu 600,000. Katika uchaguzi wa 2021 chama chake kilishinda kwa kura 688,761, wakati zaidi ya nusu ya walioandikishwa walibaki nyumbani. Watu wakisusia, pendekezo linakufa bila hata kushindwa kwa kura. Halafu Aliyev atasimama na kusema: mmeona, Waarmenia wenyewe wameikataa amani.

Mleta mada

Hili la robo limenigusa, na nakiri sikulipima vya kutosha. Nabadili sehemu moja: mkataba utiwe saini na kuridhiwa kwanza, kura ya katiba ifuate, watu wakiwa wameshaona malori yakivuka mpaka. Na viongozi wa zamani wa Karabakh waliofikishwa mahakamani Baku Januari 2025, Ruben Vardanyan akiwemo, warudishwe kwao kabla ya siku ya kura. Huwezi kumwomba mama aliyepoteza nyumba Stepanakert, mji mkuu wa Karabakh, afute maneno ya 1990 huku watu wake wako gerezani kwa jirani.

Anayeona Aliyev anaweza kuukubali mpangilio huo, aeleze ni kitu gani kitamsukuma.