Monstera imefika dari ya sebule: nikate wapi isife?

sebule_kijani:
Wakuu wa bustani, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijashika mkasi.

Nina monstera, ile ya majani mapana yenye matundu na mipasuko. Niliichukua kwenye vitalu vya barabarani ikiwa na majani ya ukubwa wa kiganja. Leo imegusa dari, na ncha imeinama inatafuta njia ya kurudi chini. Kwa upana inakaribia mita 1 na nusu, mlango wa balkoni haufunguki wote. Mizizi ya hewani imejishika ukutani na nyumba ni ya kupanga, kwa hiyo rangi ikibanduka nitalipa mimi. Nipo Upanga, ghorofani, dirisha linaangalia mashariki.

Naupenda sana huu mmea na sitaki kuutoa. Ninachotaka ni ubaki sebuleni ukiwa na kimo cha mita 1 na nusu hivi, na usichukue njia. Jirani yangu ananishauri niupunguzie maji na kuusogeza kona yenye giza ili udumae. Mwingine kasema nisibadilishe chungu milele. Nifuate lipi? Na nikikata juu, si ndiyo nimeua?

Tegeta_Miche:
Dada, kata bila hofu. Monstera haifi kwa kukatwa kichwa, ila ujue unapokata.

Angalia shina lake, siyo kikonyo cha jani. Utaona alama zinazolizunguka shina kama za muwa. Pale kila jani lilipotokea ndipo penye kifundo, na kwenye kila kifundo kuna jicho dogo. Ukikata sentimita 2 au 3 juu ya kifundo, jicho la chini yake litaamka na kutoa chipukizi. Ukikata katikati ya kikonyo umepunguza jani tu, shina litaendelea kwenda juu vilevile. Wengi wanapogoa majani kisha wanashangaa mmea haujafupika.

Kwa hiyo pima kutoka sakafuni. Kama unataka mita 1 na nusu, usikate kwenye mita 1 na nusu, kwa sababu chipukizi jipya litapanda juu ya hapo na jani lake lina kikonyo kirefu. Shuka hadi kwenye kifundo cha mita 1 au hata chini zaidi.

Jambo la pili, chungulia kwenye udongo uhesabu mashina. Sisi wa vitalu mara nyingi tunaweka miche 3 au 4 kwenye chungu kimoja ili kionekane kimejaa. Kama ndivyo, upana wako unatokana na mimea kadhaa inayogombania mwanga, kila mmoja ukilalia upande wake. Ukiitenganisha ukabaki na mmoja au miwili, nusu ya tatizo imeisha siku hiyohiyo.

pwani_tulivu:
Mimi yangu nimeiweka koridoni kusiko na dirisha na ninamwagilia kwa nadra. Haijakua kabisa. Ushauri wa jirani ni sahihi.

MvitaKijani:
Ndugu pwani_tulivu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Nisome hadi mwisho.

Huu mmea kwao ni misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Kule hausimami wenyewe. Mche huanzia chini kwenye kivuli, hutambaa hadi ukutane na shina la mti, kisha hushika kwa mizizi ya hewani na kupanda, na unaweza kufika mita 20. Maumbile yake yote ni ya kutafuta mwanga. Ukiunyima mwanga hautulii, unanyoosha pingili ziwe ndefu, vikonyo vinarefuka, majani mapya yanatoka madogo na bila matundu. Mmea ule unakuwa mrefu na mpana zaidi kwa majani machache. Wako bado unakula akiba yake, ndiyo maana unaonekana umetulia. Ukiendelea hivyo, majani ya chini yatageuka njano na mizizi itaanza kuoza siku utakapomwagilia maji ambayo mmea hauna nguvu ya kuyanywa.

Mwanga mzuri ndio unaofanya vifundo vikaribiane. Dada, dirisha la mashariki ni zuri mno: jua la asubuhi ni laini, mchana unabaki mwanga usio na jua la moja kwa moja. Ukiweza, usogeze karibu na hilo dirisha, usiupeleke kwenye kona.

Maji nayo yasipunguzwe kama adhabu. Ingiza kidole, sentimita 3 au 4 za juu zikiwa zimekauka, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha acha. Mbolea hapo ndipo unapoweza kubana. Mwenye kutaka mmea mkubwa anaweka kila mwezi, wewe weka nusu ya kipimo mara chache kwa mwaka, na epuka mbolea yenye naitrojeni nyingi. Hiyo haitaudhuru.

sebule_kijani:
Asanteni sana. Nimechungulia: mashina ni matatu! Mawili manene na moja jembamba. Na hili suala la nguzo? Nimeona watu wanawekea nguzo ya makumbi. Itasaidia kuubana au itauchochea?

MvitaKijani:
Vyote viwili, na hapa ndipo uamuzi wako ulipo. Ukiwa na nguzo, mmea unasimama wima, vikonyo havijitandazi, upana unapungua sana. Lakini monstera inayopanda hutoa majani makubwa zaidi kadiri inavyoshika juu. Kwao jani linafika sentimita 90. Isiyopanda inabaki na majani ya wastani ila inasambaa sebule nzima.

Kwa sebule yako mimi ningechagua nguzo fupi. Chukua bomba la plastiki la mita 1 na kitu, lizungushie kamba ya makumbi kwa kubana, lichimbie hadi chini ya chungu. Huku Mombasa kamba hizo zipo tele na nadhani Dar pia. Ncha ikifika juu ya nguzo, unakata kichwa, unarudi chini, unaanza upya. Kimo cha nguzo ndicho kimo cha mmea.

Ukifunga, funga shina, usifunge vikonyo, maana majani yanahitaji kugeuka. Tumia vipande vya kanga kuukuu, visikaze. Halafu monstera ina mgongo na uso: mizizi ya hewani inatokea mgongoni, majani yanaelekea mbele. Nguzo ikae mgongoni, uso uelekee dirishani. Na ukishauweka hivyo, usiuzungushe kila wiki. Watu huzungusha ili ulingane, matokeo yake kila jani linaelekea upande wake na mmea unapanuka pande zote.

Baridi_ya_Njiro:
Naongeza upande wa mizizi, maana bado haujaguswa vya kutosha.

Kutobadilisha chungu milele si suluhisho. Mizizi itajaa, maji yatapita pembeni bila kuingia, na mmea mzito juu ya chungu kidogo utaanguka, jambo la hatari ukiwa na watoto ndani. Lakini pia si lazima kuongeza ukubwa wa chungu kila mara. Kila baada ya miaka 2 hivi utoe, kata kama robo ya mizizi ya nje na ya chini kwa kisu safi, kisha urudishe kwenye chungu kilekile na udongo mpya. Chungu cha udongo wa kufinyanga ni kizito, kitakusaidia usipinduke.

Udongo: changanya udongo wa kawaida, makumbi yaliyochambuliwa na mkaa uliopondwa vipande vidogo. Maji yapite haraka.

Angalizo moja. Usikate kichwa, ukatenganisha na kupunguza mizizi siku moja. Ni mzigo mkubwa mno. Anza na kutenganisha, subiri uone jani jipya, ndipo ukate juu. Dar joto lipo mwaka mzima kwa hiyo huna shida ya msimu. Sisi huku Arusha hatugusi mwezi wa 7, baridi ya usiku ikishuka chini ya nyuzi 15 mmea unasimama na kidonda kinachelewa kupona.

Mama_wa_Wawili:
Wanangu mmeeleza vizuri, ila mimi nina swali kwa dada: ndani kuna mtoto mdogo? Utomvu na majani ya monstera yana fuwele za oksaleti ya kalisi. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi vinawaka na kuvimba. Paka pia. Siku ya kukata vaa glavu, tandika magazeti, na vipande vyote vikusanywe palepale.

sebule_kijani:
Ndiyo mama, yupo anayetambaa. Shikamoo, na asante, hili sikulijua kabisa.

Mama_wa_Wawili:
Marahaba mwanangu. Basi majani ya chini anayoyafikia yaondoe kwa kukata kikonyo karibu na shina, na chungu kiinuliwe juu ya stuli pana iliyo imara. Kimo cha stuli ukihesabu kwenye hiyo mita 1 na nusu.

kijana_wa_Ubungo:
Kwa nini usiupeleke tu nje chini ya mwembe, ukaweka ndani zamioculcas? Ile ni ya pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, inakua taratibu na kwa kawaida haizidi mita 1.

sebule_kijani:
Mkuu nipo ghorofani, mwembe sina. Na huu nimeukuza mwenyewe kutoka udogo, nataka nibaki nao.

Tegeta_Miche:
Sawa kabisa. Zamioculcas ni nzuri ila swali la dada ni monstera.

Hatua zako basi. Jumamosi tenganisha mashina, baki na lile nene lenye vifundo vilivyokaribiana zaidi. Mizizi iliyoshika ukuta usiivute, ikate karibu na ukuta kwa wembe. Kilichobaki kilowanishe kwa kitambaa chenye maji, kitalainika na rangi haitabanduka. Mizizi mirefu inayofika chini ielekeze kwenye udongo wa chungu, ile mingine ukiikata haina madhara.

Ukija kukata kichwa, mkasi upanguse kwa spiriti kwanza. Kipande cha juu kiwe na kifundo na angalau mzizi mmoja wa hewani, kiache kivulini saa chache kikauke kidonda, kisha kiweke kwenye maji, ubadilishe kila baada ya siku 3 au 4. Jani pekee lisilo na kifundo linaweza kutoa mizizi ila halitakuwa mmea kamwe, kwa hiyo usipoteze muda nalo.

sebule_kijani:
Nimeelewa. Swali la mwisho: shina litakalobaki litakuwa limekaa uchi bila majani ya chini. Litaoza?

Tegeta_Miche:
Halitaoza kama udongo hautuami maji. Hakikisha tu umeacha majani 2 au 3 chini ya mkato, maana hayo ndiyo yanayolisha jicho linaloamka. Punguza maji kidogo kipindi hicho kwa sababu majani ya kuyanywa yamepungua. Chipukizi likichelewa, shina likiwa gumu na la kijani ukikwaruza, subiri.

kijana_wa_Ubungo:
Dada, hayo mashina mawili yanayotoka, kama hayana mwenyewe, naomba moja. Nitakuja na ndoo yangu.

sebule_kijani:
Lile jembamba ni lako, nicheki inboksi. La pili nampelekea jirani, na nitamwambia aliweke dirishani.