Naomba ushauri: karatasi ya makubaliano Baraza la Kata, mama asaini?

Habari zenu wakuu. Jirani kajenga ukuta ukaingia kwenye kiwanja cha mama yangu, hatua mbili na nusu upande wa mbele. Mpaka ulikuwa minyaa. Aliing'oa usiku, mashina bado yapo mtaroni, nimeyapiga picha.

Shauri liko Baraza la Kata. Najua tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza linasuluhisha tu, halitoi hukumu, na siku 30 zikipita bila mwafaka unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Leo ni siku ya 19. Jirani amekubali kulipa fidia kwa awamu tatu, ukuta ubaki. Mama ana miaka 71, anataka yaishe. Mimi roho inakataa, ila kumburuza kwenye kesi ya miaka naona ni kumuumiza zaidi.

Kinachonitatiza ni karatasi yenyewe. Imeandikwa "atalipa fidia kama walivyokubaliana", basi. Hakuna kiasi, hakuna tarehe, wala kitakachofuata asipolipa. Hati ya mauziano ya 2009 ninayo, na shahidi mmoja yu hai.

Wenye uzoefu, nidai vipengele gani viandikwe kabla mama hajaweka dole gumba? Akilipa awamu ya kwanza halafu akakaa kimya, makubaliano hayo nayapeleka wapi yakakaziwe? Na mpimaji nimwite sasa hivi, au kwanza tumalizane Barazani? Tunarudi Jumatano asubuhi.