Lenzi ya babu kwenye Sony: ninunue adapta gani?

BintiMkoani: Assalaam alaykum. Nina kamera ya Sony a6000. Marehemu babu ameniachia lenzi ya Pentacon 50mm f/1.8. Ilikuwa kwenye kamera ya Praktica aliyopewa na Mjerumani aliyefanya naye kazi mjini Unguja miaka ya sabini. Ya kukaza kama skrubu, uzi wa milimita 42, wanaita M42. Adapta gani nzuri? Nijibuni mapema, sina raha.

FundiDarajani: Wa alaykum salaam. Adapta ya M42 kwenda Sony E, yaani mdomo wa kamera yako, isiyo na kioo ndani. M42 inataka milimita 45.46 mpaka kwenye sensa, kile kibao kinachopokea picha ndani ya kamera, Sony ina 18, kwa hiyo adapta ni bomba tupu la kujaza pengo. Tazama nyuma ya lenzi kama ina kipini, kijiti kidogo kinachobonyezwa. Adapta isiyokibonyeza, tundu la lenzi linaweza kubaki wazi kabisa, f/1.8, hata ukizungusha vipi. Kwenye menyu ruhusu kupiga bila lenzi.

MzeeWaWete: Mimi ya kwangu niliifunga kabatini masika mazima. Nilipoitoa, kuvu limetambaa kama utando wa buibui. Nililia, wallahi.

UkhtiKiponda: Mbona huna raha kwa adapta tu, mdogo wangu? Unapiga nini?

BintiMkoani: Harusi.

UkhtiKiponda: Lini?

BintiMkoani: Ijumaa hii, Chake Chake, huku Pemba. Upande wa wanawake, usiku. Arbuni nimeshapokea.

FundiDarajani: Na lenzi yako ya otofokasi, inayojifokasi wenyewe, iko wapi?

BintiMkoani: Nimeiuza juzi nilipie ada ya skuli ya mdogo wangu. Lakini picha za lenzi ya babu zina ulaini ambao ile haikuwa nao. Na kamera yenyewe inatuliza mtikisiko wa mkono, nikiiandikia 50 kwenye menyu inajua. Nitaweza.

AmiShangani: Arbuni ni amana, mwanangu. Bibi harusi akiingia ukumbini hakusubiri uzungushe fokasi. Mwambie mama yake leo.

Pweza_Mkavu: Hii chai. a6000 haitulizi mkono, haina kitu hicho ndani. Halafu Mjerumani anagawa kamera Unguja? Mtu anatunga tumsikitikie.

MzeeWaWete: La Wajerumani usilikatae. Ujerumani Mashariki walikuja baada ya Mapinduzi ya 1964, zile nyumba za Kikwajuni walizijenga wao. Kamera yangu iliyoota kuvu nayo ilikuwa Praktica.

Pweza_Mkavu: Na a6000 je?

BintiMkoani: Ni a6500, nimekosea namba kwa haraka. Iko mbele yangu hapa. Sina haja ya kumdanganya mtu kwa jina la babu yangu.

FundiDarajani: a6500 inatuliza, kweli. Basi sikiliza. Mkono uliotulia haumzuii mtu anayecheza kutoka na ukungu, spidi ya kupiga usishuke chini ya 1/125 ya sekunde. Washa ile rangi nyekundu inayoonesha penye fokasi, funga tundu mpaka f/2.8, kwa sababu f/1.8 jicho likiwa kali sikio limeshapotea. Na kwa sensa yako 50 inakaa kama 75, inaona eneo dogo. Picha ya ukoo mzima jukwaani utarudi nyuma mpaka ugonge ukuta.

UkhtiKiponda: Ninayo ile lenzi ya 16-50 iliyokuja na kamera yangu, haina kazi wiki hii. Ya babu piga bibi harusi akiwa amekaa, anapopambwa. Zinazobaki piga na yangu.

BintiMkoani: Dada, uko Unguja wewe. Itanifikia vipi Chake kabla ya Ijumaa?

UkhtiKiponda: Boti ya kesho. Nipe jina la atakayepokea Mkoani, kwa faragha.