Duka la nyuzi za kufumia kwa mkopo wa halmashauri: naombeni ushauri

Mama Vitambaa
Habari zenu wakuu. Naishi Morogoro mjini, nafuma vitambaa vya makochi na sweta za watoto wachanga, na kina mama kadhaa wa mtaani wanajifunza kwangu. Shida yetu ni uzi. Mzuri mpaka umwagize mtu Dar, na ukikuishia katikati ya kazi, unakaa. Nataka kufungua duka dogo la nyuzi, sindano za kufumia na shanga. Fremu nimeipata, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Nasikia mkopo wa asilimia 10 hauna riba ila wanakopesha vikundi, nami duka nalitaka liwe langu. Nifanyeje?

Mwanakata
Umesikia sawa, dada. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Wanawake mnatakiwa muwe kikundi kilichosajiliwa, chenye katiba na akaunti ya benki. Anzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako, atakueleza hatua zote. Usimpe mtu hela eti akuharakishie.

Mzee wa Kihonda
Watakuja wa kukwambia okoteza majina, mkopo ukitoka uwape chochote. Usithubutu! Nimewahi kuwa mweka hazina wa kikundi. Mmoja alihama, mwingine akazima simu, marejesho yakatuangukia tuliobaki. Riba hakuna, lakini deni ni la wote.

Shanga na Uzi
Mzee yuko sahihi, ila mbona kikundi dada anacho? Hao anaowafundisha wanafuma kweli na uzi wanauhitaji kila siku. Duka liwe la kikundi, yeye alisimamie kwa malipo yaliyoandikwa kwenye katiba. Kama moyo wake uko kwenye duka la peke yake, basi aende ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, aulizie NEDF, Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Wajasiriamali. Ule unakopesha hata mtu mmoja. Riba ipo, na masharti ya dhamana ayaulize mapema.

Muuza Vifungo
Mimi nauza vifaa vya ushonaji, niongelee mzigo. Usinunue kila rangi. Nyeupe, maziwa na damu ya mzee zinatembea, nyingine zinalala hela ikiwa ndani. Halafu tazama kwenye lebo namba ya mkupuo, yaani uzi uliotiwa rangi kwa pamoja: rangi ni ileile, lakini mikupuo tofauti haifanani, na mteja ataiona tofauti kitambaa kikishatandikwa. Anayeanza kazi kubwa mwekee pembeni uzi wa mkupuo uleule wa kumalizia. Na hiyo kodi ya miezi sita ni nzito, mbembeleze mwenye nyumba achukue mitatu. Hela ikizama kwenye fremu, utarejesha kwa kuuza nini?

Mama Vitambaa
Asanteni sana, Mungu awabariki. Wazo la kikundi limeniingia, maana hawa kina mama nawaamini. Nitawaita niwaeleze deni kabla ya duka, asiyetaka abaki mteja. Mzee wangu, mtu akitaka kujitoa deni halijaisha, katiba isemeje?

Mzee wa Kihonda
Amalize fungu lake kwanza, au alete mrithi ambaye kikundi kimemkubali kwa maandishi. Kila mmoja asaini mwenyewe mbele ya mtendaji wa mtaa, hata aliye safarini asubiriwe.