Kulala kwenye gari njiani, Dar hadi Tukuyu na mama mzee: naomba ushauri

Mwana wa Rungwe: Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo namrudisha mama Tukuyu baada ya matibabu hapa Dar. Ana miaka 71, mgongo unamsumbua, ngazi za gesti hapandi. Nimewaza tulale ndani ya gari, kigodoro ninacho. Ila mwaka jana nilipaki kando ya barabara ukishapita Doma, saa nane usiku askari wa doria akagonga kioo kwa tochi, akaniambia niondoke saa ileile. Sheria inasemaje? Na wapi tutalala kwa amani?

Mshika Usukani: Mkuu, nina miaka 12 na lori, Dar–Tunduma. Askari huyo alikuokoa. Ukipita Doma unaingia hifadhi ya Mikumi, kama kilomita 50 barabara iko katikati ya wanyama. Humo usipaki, usishuke, na usiku mwendo mwisho 50. Pita mchana. Sisi tunalala sheli zenye taa na mlinzi. Mwone mlinzi kwanza, mwambie una mgonjwa, akuoneshe pa kukaa. Usijibanze nyuma ya malori, yakirudi nyuma usiku dereva hakuoni.

Bi Kanuni: Kinachoangaliwa ni gari limesimama wapi. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakataza kuliacha linapohatarisha au kuzuia wengine. Halafu hifadhi ya barabara kuu, kwa sheria ya 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Kwa hiyo hapo "kando" ulikuwa bado ndani ya eneo la barabara.

Muuguzi wa Nyanda: Kaka, nakusihi mama asilale garini. Miguu ikining'inia usiku kucha inavimba, damu inaweza kuganda. Baridi ya Mafinga na Makambako itakushawishi uwashe injini mkiwa mmefunga vioo, na hewa ya sumu ya moshi haina harufu, hamtaamka. Piga simu gesti za Iringa leo, uliza chumba cha chini kisicho na ngazi. Vipo. Njiani kila saa mbili mshushe atembee kidogo.

Mwana wa Rungwe: Nimewaelewa, Mungu awabariki. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri, tunalala Iringa. Mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, nipande saa ngapi?

Mshika Usukani: Fika Ruaha Mbuyuni kabla ya saa tisa alasiri, mama anyooshe miguu pale penye vitunguu, ndipo upande kukiwa bado na mwanga. Ukikuta lori linajikongoja, kaa nyuma yake kwa mbali. Usilipite kwenye kona hata kama dereva anakupa indiketa.