GPS yenye redio ya setilaiti kwenye Gold Wing: ninunue ipi, na antena niifunge wapi?

MsafiriWaDenver

Ndugu zangu waendesha pikipiki, naomba ushauri wenu. Naishi Denver, na pikipiki yangu ni Honda Gold Wing GL1800 ya mwaka 2005, ambayo haikutoka kiwandani na ramani wala redio ya setilaiti. Mwezi wa Julai, Mungu akipenda, mimi na mke wangu tunataka kwenda hadi Grand Junction, tuishike barabara ya US 50 na kuifuata mpaka Sacramento. Kinachonipa mawazo ni kile kipande cha Nevada, kutoka Ely kupitia Eureka na Austin hadi Fallon, maili 257 hivi, ambacho jarida la Life lilikiita mwaka 1986 barabara yenye upweke kuliko zote Marekani. Stesheni za FM hupotea huko, mtandao wa simu hukatika kwa muda mrefu, na mvua za radi za kiangazi huibuka mchana kutoka nyuma ya milima.

Nauliza mambo matatu. Kwanza, ninunue kifaa kimoja chenye ramani na redio kwa pamoja, au kila kimoja peke yake? Pili, vifungwe wapi na vipate umeme kwa njia gani, ili nisiishiwe betri njiani wala nisilazimike kuinamisha macho? Tatu, nikirudi Moshi siku moja nikiwa na pikipiki hii, vifaa hivi vitanifaa?

Fundi_wa_Nyaya (Ohio)

Ndugu Msafiri, kabla sijataja kifaa chochote, nakusihi uamue kwanza redio ya setilaiti unaitaka kwa ajili ya nini, kwa sababu sauti na taarifa za hali ya hewa ni huduma mbili tofauti, na kila moja ina ada yake. Anayetaka muziki na habari ana njia nyingi. Anayetaka kuiona mvua ikiwa imechorwa kwa rangi juu ya barabara anayoifuata, bila kutegemea simu, njia zake ni chache.

Kwa hitaji hilo la pili, kifaa ninachokiamini ni Garmin zumo 665 ikiwa imeunganishwa na antena yake ya GXM, ambayo ina kipokezi cha redio ya setilaiti ndani yake. Skrini yake ni ya inchi 4.3, inagusika ukiwa umevaa glavu, imetengenezwa kupokea sauti za XM (huduma ya redio ya setilaiti ya Marekani, ambayo sasa ni sehemu ya SiriusXM) pamoja na picha ya mvua, na inaipeleka sauti kwenye kofia kwa Bluetooth. Haitengenezwi tena, kwa hiyo utaipata mkononi mwa mtu. Ukiipata, omba namba ya kipokezi cha redio kabla hujatoa hela, uipigie simu kampuni ya SiriusXM, nayo ikuthibitishie kwamba kipokezi hicho bado kinaweza kufunguliwa huduma, ya sauti na ya picha ya mvua pia. Ada hufungwa kwenye namba hiyo, si kwenye jina lako, na muuzaji anayekuambia kwamba kifaa chake kina huduma ya maisha hana uhakika kwamba huduma hiyo itakuhamia. Angalia pia kama kishikio chake cha pikipiki kipo na pini zake za shaba hazijaliwa na kutu ya kijani, maana umeme na waya wa antena vyote hupitia kwenye kishikio hicho.

Vifaa vipya ni vizuri kwa ramani. Zumo XT, iliyotoka mwaka 2020, ina skrini ya inchi 5.5 inayosomeka hata jua likiwa utosini. Lakini habari za mvua huzipata kupitia simu, na simu ikikosa mtandao kati ya Eureka na Austin, picha ya mvua nayo inakoma.

Dada_wa_Magurudumu (Texas)

Namheshimu Fundi, ila katika hili naona tofauti naye. Kifaa kimoja kinachobeba kila kitu kikiharibika, unapoteza ramani na redio kwa mkupuo mmoja, tena ukiwa mahali ambapo hakuna duka. Mimi ningechukua GPS mpya ya pikipiki kwa ajili ya njia, kisha kipokezi kidogo cha SiriusXM cha kubebeka, nikakiweka ndani ya mfuko wa mbele wa pikipiki mahali pasipofikiwa na mvua, kwa kuwa vingi vya namna hiyo havikutengenezwa kustahimili maji. Sauti yake inaingia kwenye tundu la sauti ya nje la pikipiki, kama lako lipo na linafanya kazi. Picha ya mvua hutaipata, hilo nakubali, na kama ndiyo haja yako kubwa basi msikilize Fundi.

Hata hivyo, uchague kipi kati ya hivyo, kinachoamua kama redio itasikika ni mahali utakapoiweka antena, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya vitu viwili. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu, zinazunguka, na zimetapakaa anga zima. Kifaa kinahitaji kuziona nne tu, ziwe upande wowote, ndiyo maana GPS hufanya kazi karibu popote utakapoifunga. Setilaiti za redio ziko mbali zaidi, kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kwa mtazamaji aliye chini hazisogei. Ukiwa Colorado au Nevada, zote ziko upande wa kusini, kati ya nyuzi 30 na 45 juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo antena ya redio inataka anga la kusini liwe wazi, na pikipiki inageuka kila upande na wewe mwenyewe ukiwa juu yake kama ukuta. Ukiiweka mbele karibu na usukani halafu ukaelekea kaskazini, kifua chako na cha mwenzako vinasimama kati yake na setilaiti.

Kwenye Gold Wing ningeiweka juu ya mfuniko wa boksi la nyuma, ukingo wa nyuma kabisa. Ukiiweka ukingo wa mbele, mgongo wa mke wako utaiziba kila mnapoelekea kusini. Mfuniko ule ni wa plastiki, na antena nyingi za namna hii zina sumaku na hupokea vizuri zaidi zikikaa juu ya bati. Kata kipande cha bati la chuma cha sentimita 10 kwa 10, ukipake rangi kisishike kutu, ukibandike kwa gundi imara ya pande mbili, ndipo uweke antena katikati yake. Bati la alumini halifai, maana sumaku haishiki. Waya upitishe kwenye mpira wa mfuniko mahali usipobanwa na bawaba, uushushe chini ya kiti, uuache umelegea kidogo pale mfuniko unapofunguka.

Fundi_wa_Nyaya (Ohio)

Dada amelieleza suala la antena vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze kuhusu kishikio na umeme.

Pima kwanza kipenyo cha bomba la usukani kabla ya kuagiza kishikio chochote. Pikipiki nyingi zina milimita 22, nyingine, hasa zile nzito za Kimarekani, zina milimita 25.4, na kishikio kisicholingana kitateleza hata ukikaze namna gani. Vishikio vya RAM vyenye tufe la mpira la inchi 1 vinapatikana kwa vipimo vyote viwili. Unaweza pia kukifunga kwenye bolti za kibano cha klachi, upande wa kushoto. Usitumie skrubu za mfuniko wa kikopo cha mafuta ya breki: mafuta yale hunyonya unyevu wa hewa na hula rangi yakimwagika, na mfuniko ule haukuundwa kubeba uzito unaotetemeka. Kifaa kikae juu, karibu na ukingo wa chini wa kioo cha upepo, ili jicho lishuke kidogo tu kutoka barabarani. Kisha keti kitini kama unavyoendesha, uzungushe usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, uangalie kama kinagusa tangi au kioo, na kama waya unavutika. Waya unaovutika kidogo leo utakatika ndani ya plastiki yake baada ya muda, na kukatika kwa ndani hakuonekani kwa macho.

Umeme usiuchukue moja kwa moja kwenye betri bila swichi. Weka rilei ndogo, yaani swichi inayowashwa na umeme, inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma, ili kila kitu kizimike unapozima pikipiki. Waya mkubwa utoke kwenye chanya ya betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, kwa sababu fyuzi hulinda waya ulio mbele yake tu. Fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha kwa GPS na kipokezi. Ukinunua Garmin, waya wa kishikio chake unaweza kuwa na kibonge chenye kibadilishaji kinachoshusha volti 12 kuwa kiasi kinachotakiwa na kifaa. Kile kibonge usikikate ukidhani ni mapambo ya waya.

KijanaWaMtandao (Minnesota)

Wakubwa, shikamooni. Naomba kuuliza kwa nia njema: kwa nini asitumie simu tu? Ramani anaweza kuzipakua kabla ya safari, na programu ya SiriusXM ipo kwenye simu.

Dada_wa_Magurudumu (Texas)

Marahaba, mdogo wangu. Ramani zilizopakuliwa zinafanya kazi, na simu kama akiba ni lazima awe nayo. Ila programu ile ya redio inahitaji mtandao wa simu kwa matangazo ya moja kwa moja, na mtandao huo ndio usiokuwepo huko anakokwenda. Jambo lingine ni mtetemo. Mwezi wa Septemba 2021 Apple yenyewe ilitoa tahadhari kwamba mitetemo mikali ya injini za pikipiki inaweza kuharibu sehemu za kamera ya iPhone zinazotuliza picha, na ikashauri simu isifungwe moja kwa moja kwenye pikipiki zenye injini kubwa. Ongeza jua la Nevada: simu ikipata joto kali hupunguza mwanga wa skrini, kisha hujizima, pengine katika saa ile ile unayoihitaji zaidi. Simu ya kupiga msaada naitaka iwe mfukoni, imejaa chaji.

Mzee_wa_Mawimbi (Nairobi)

Msafiri, nakujibu swali la tatu. Ramani utarudi nayo, redio utaiacha. GPS hupokea setilaiti zile zile duniani kote, kwa hiyo utahitaji tu kuingiza ramani ya Afrika Mashariki, ama ya kununua ama ile ya bure inayotengenezwa kutokana na OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. SiriusXM inarushia Amerika ya Kaskazini tu, na mwale wa setilaiti zake haufiki kwetu.

Sisi nasi tulikuwa na redio ya setilaiti, na nasema hivi kwa sababu vijana wengi hawajui. Setilaiti ya AfriStar ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, ilirushwa Oktoba 1998, kabla XM haijaanza matangazo yake huko Marekani mwaka 2001. Vipokezi vyake viliuzwa hapa Nairobi, na sauti yake ilikuwa safi hata mahali ambapo FM haikuwahi kufika. Kampuni iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2008. Usinunue kipokezi chake cha zamani kwa tumaini lolote. Ukiwa barabara ya Moshi kwenda Same, hifadhi nyimbo kwenye kadi.

MsafiriWaDenver

Nawashukuru sana. Nimeamua kuitafuta zumo 665, kwa sababu mvua ndiyo inayonitia hofu nikiwa nimempakia mke wangu, na nitabeba simu yenye ramani zilizopakuliwa kama akiba, kama alivyoshauri Dada. Nimebaki na jambo moja: sauti. Kofia zetu zina vipaza sauti vya Bluetooth, na simu pia nataka iunganishwe. Je, vitagombana? Na nitajuaje kwamba antena imekaa sawasawa kabla ya kutoka Denver?

Fundi_wa_Nyaya (Ohio)

Vitagombana ukiunganisha vyote na kofia kwa pamoja, kwa kuwa kofia nyingi hupokea muziki kutoka chanzo kimoja kwa wakati mmoja. Panga mnyororo mmoja: simu iungane na GPS, GPS iungane na kofia. Hapo sauti ya redio, maelekezo ya njia na simu zinazoingia vyote vitapita mlango mmoja, na GPS yenyewe itaipunguza redio inapotaka kukuambia ugeuke. Sauti usiipandishe ili kushindana na upepo. Mwendo wa barabara kuu, upepo peke yake ndani ya kofia huzidi desibeli 90, na dawa yake ni kioo cha upepo chenye kimo kinachokufaa. Mkiingia California kumbuka pia kwamba sheria ya jimbo hilo inamkataza dereva kuvaa vifaa vya sauti vinavyofunika masikio yote mawili, basi kwa tahadhari zima upande mmoja kabla ya mpaka.

Kuhusu antena, jaribio lifanyike uwanja wa wazi, si mjini, kwa sababu miji mikubwa ina minara ya ardhini inayorudia matangazo, na minara hiyo itakudanganya kwamba antena iko sawa. Toka nje ya Denver upande wa mashariki, kwenye nyanda. Fungua ukurasa wa nguvu za mawimbi, mke wako akae nyuma kama atakavyokaa safarini, kisha zunguka polepole mduara kamili kwenye eneo tupu la maegesho, yeye akisoma vipimo kila mnapogeukia upande mwingine. Kushuka kidogo kusikutishe, na hata mkipita chini ya daraja hamtasikia sauti ikikatika, kwa kuwa kipokezi huhifadhi sekunde 4 hivi za sauti. Ikiwa vipimo vinaanguka kabisa mkielekea upande mmoja tu, sogeza bati sentimita chache nyuma au upande, mrudie mduara kabla gundi haijashika.

Dada_wa_Magurudumu (Texas)

Na fanyeni jaribio hilo mizigo ikiwa imefungwa. Begi likiwekwa juu ya boksi la nyuma mbele ya antena linaziba anga sawa na mtu, na likiwekwa juu yake kabisa huenda hakuna kitakachosikika.